Kumbukumbu si hifadhi

Mitaani "memori" ni neno moja lenye kazi mbili: kadi ya kutunzia picha, na ramu inayochomekwa kwenye ubao mama. Kiswahili sanifu kina maneno mawili. Hifadhi hutunza data hata umeme ukikatika. Kumbukumbu, yaani ramu, huishika kwa muda tu, kompyuta ikiwa inafanya kazi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa fundi wa Kapalamsenga, ambaye kabla ya kumtuma mteja mjini Mpanda kununua kifaa kipya, lazima ajue kilichoharibika ni kipi. Tuseme kompyuta imesasishwa bayosi, yaani programu inayoiamsha, kisha ikaanza kuganda na kujiwasha upya. Asikimbilie kubadilisha diski, wala kuamua kwamba ramu imekufa. Usasishaji huweza kubadili namna ubao mama unavyopanga kasi, muda na volti za kumbukumbu. Ramu ya aina ya DDR5 inayouzwa kama ya kasi ya 6000 MT/s mara nyingi huwa na kasi ya msingi ya 4800. Ile ya ziada hutokana na mpangilio wa kuongeza kasi uitwao XMP au EXPO, unaowashwa kwenye bayosi.

Basi auzime mpangilio huo kwanza. Kompyuta ikitulia, huenda ramu ni nzima: apandishe kasi hatua kwa hatua, akiipima ramu kwa programu ya Memtest86+. Isipotulia, apime kijiti kimoja kimoja.

Nawasihi mafundi na walimu: kumbukumbu tuiite kumbukumbu, na hifadhi tuiite hifadhi. Mteja akiyajua maneno haya, hatauziwa asichohitaji.