Mlio wa kugongagonga katika gari

Mlio wa kugongagonga katika gari ni kelele ya vitu viwili vinavyogusana na kuachana kwa haraka, kwa sababu kimojawapo kimelegea mahali pake. Hauwi sawa na mkwaruzo, ambao hutokana na vitu vinavyosuguana bila kuachana, wala na mvumo wa beringi iliyokwisha, ambao hupanda na kushuka pamoja na mwendo bila kuwa na pigo. Mlio huu si ugonjwa wenyewe bali ni dalili. Bolti moja ya bati jembamba na kiungo kinachoshika gurudumu vinaweza kutoa sauti zinazokaribiana sana, ilhali cha kwanza kinaudhi tu na cha pili kinaweza kuua. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuutafuta. Kuutengeneza, mara nyingi, ni kazi ya saa moja.

Makala haya yanauangalia mlio huo katika mazingira ya Luanda Kotieno, ufuo wa Uyoma katika kaunti ya Siaya, ambako feri ya magari huvukia mdomo wa Ghuba ya Winam kwenda Mbita, kaunti ya Homa Bay. Pasichanganywe na mji wa Luanda ulioko kaunti ya Vihiga.

Magari na njia za ufuoni

Mtu wa Kisumu anayekwenda Mbita ana njia mbili: kuizunguka ghuba yote kwa kupitia Ahero na Homa Bay, au kushika barabara ya Bondo, kukunja Ndori na kushuka hadi Luanda Kotieno kuingia ferini. Hadi gatini ni lami. Lakini samaki hawapatikani kwenye lami peke yake. Njia zinazotoka barabara kuu kuelekea fuo nyingine za Uyoma, kama Misori, zina mawe, makorongo na mchanga, na humo ndimo bushi na nati huanza kuchoka.

Magari yanayozipita ni yale yale ya Kenya nzima: Toyota Probox, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, Noah, na Hiace za matatu. Mengi yaliletwa yakiwa yametumika, maana sheria ya Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8. Mipira ya chini ya gari kama hilo huwa imeshaanza kuzeeka siku linaposhuka Mombasa. Kisha huongezewa magunia ya omena kwenye keria na mbuta wenye barafu nyuma, likaenda Kisumu limelemewa na kurudi tupu. Mzigo hubana springi na kuziba nafasi za vitu vilivyolegea. Ndiyo maana madereva wengi hawasikii kitu wakati wa kwenda, wakaanza kulalamika wakati wa kurudi. Katika Hiace zenye springi za majani jambo hili huwa wazi zaidi. Vibano vinavyoyashika majani vikilegea, majani hupigana gari likiwa tupu na kunyamaza likipakiwa.

Maji ya samaki nayo yana mchango wake. Yakitiririka chini ya zulia na kukaa, hula sakafu na mabano yanayoshika bomba la moshi na tangi, na bano lililoliwa na kutu halishiki bolti tena hata ikikazwa namna gani.

Kuutafuta kwa masikio

Kosa linalowagharimu wenye magari pesa nyingi kuliko yote ni kununua spea kabla ya kujua kinachogonga. Gari hupelekwa kwa fundi, mwenyewe anasema, "linagonga mbele", na jioni limefungwa shokamoza mpya mbili. Mlio upo pale pale. Shokamoza iliyochoka aghalabu haigongi: huliacha gari likiruka-ruka baada ya tuta. Kinachogonga ni kiungo au mpira ulio karibu nayo.

Swali la kwanza ni kama mlio upo gari likiwa limesimama na injini inawaka. Ukiwapo, mtu asihangaike na magurudumu. Tatizo ni la injini, mauntingi zake, bomba la moshi au bati fulani linalotikiswa nazo. Ukiwa hautokei mpaka gari litembee, dereva atafute mahali tambarare pasipo na magari, aweke gia huru injini ikiendelea kuwaka, na kuliacha gari litembee lenyewe. Injini haizimwi katika jaribio hili, kwa sababu breki na usukani hupoteza msaada wake. Mlio ukiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, ni wa chini. Ukifuata mlio wa injini, ni wa mbele au wa bomba.

Baada ya hapo barabara yenyewe ndiyo hupima. Tuta linalokatiza barabara nzima hupandisha magurudumu mawili ya mbele kwa wakati mmoja. Shimo hupokea gurudumu moja. Tofauti hii ndogo ina thamani kuliko vifaa vingi vya gereji, kwa sababu fimbo ya stabilaiza, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Gari linalovuka tuta kimya kisha likagonga kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa polepole, limekwisha kutaja karibu jina la kinachoumwa: linki za stabilaiza au bushi zake.

Hapa Luanda Kotieno ina neema yake. Njia ya chuma ya kuingilia ferini hupandwa polepole sana, dereva akiwa ameteremsha vioo na watu wamesimama pembeni. Gari likiingia upande kidogo, magurudumu hupanda ukingo wa chuma moja baada ya jingine, na anayetembea kando yake anaweza kusikia ni kona ipi iliyogonga. Ndani ya feri, gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa, mtetemo wa injini ya feri hupita kwenye sitaha na unaweza kuchokoza vitu vilivyolegea kwenye bodi. Kinacholia wakati huo hakiwezi kuwa injini ya gari wala magurudumu. Ni mlango, keria, namba, jeki au kitu kilichosahauliwa chini ya kiti. Sijui gereji inayotoza pesa kwa kipimo kizuri kama hicho.

Msaidizi ni wa lazima. Anayeendesha husikia vibaya, kwa kuwa sauti ya chuma husafiri ndani ya bodi na kutokea mahali pengine kabisa. Msaidizi aketi nyuma kwanza, kisha mbele, na gari lipite polepole kando ya ukuta, vioo vikiwa chini, ili ukuta umrudishie sauti ya upande huo. Gari likisimama, nyundo ya mpira ndiyo chombo bora: bomba la moshi hugongwa kidogo kidogo likiwa limepoa, kutoka mbele hadi nyuma, mpaka mlio ule ule ujibu.

Miguu ya gari

Linki ya stabilaiza, iliyotajwa hapo juu, ndiyo mkosaji wa mara kwa mara katika magari madogo ya Kijapani kwenye barabara mbovu. Ni fimbo fupi yenye viungo viwili vya mpira na chuma. Ikichakaa hucheza, na hubadilishwa kwa spana mbili bila kuhitaji kupima upya magurudumu. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.

Boli jointi ni habari nyingine. Ndiyo inayoshikilia gurudumu na mkono wa chini, na ikichomoka gurudumu hulala upande gari likiwa mwendoni. Kuipima hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, gurudumu moja liinuliwe kwa jeki na gari liegemezwe juu ya stendi imara. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki na litikiswe tena. Mchezo ukipotea, kinachocheza ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imeifunga. Ukibaki, ni boli jointi. Kisha lishikwe kushoto na kulia: mchezo wa upande huu, usiokuwapo ule wa juu na chini, huelekeza kwenye tairodi ya usukani. Gari lenye boli jointi inayocheza lisivushwe feri kwenda popote. Litengenezwe pale lilipo.

Breki huwa na siri ambayo mafundi wengi wa kando ya barabara hawaithamini. Padi hushikwa na vibano vyembamba vya chuma ambavyo kazi yake ni kuzizuia zisitikisike ndani ya kalipa. Fundi anapofunga padi mpya, vibano vya zamani vimepinda, anavitupa, na gari linaondoka likisimama vizuri sana. Linafika kwenye njia ya mawe na kuanza kulia kama kokoto ndani ya mkebe. Kipimo chake ni rahisi: dereva aguse breki kidogo tu anapopita kwenye mawe. Mlio ukikatika papo hapo, ni padi. Vibano vinauzwa, na bei yake ni ndogo.

Mlio wa tak-tak-tak unaosikika usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na gari likivuta ni wa kiungo cha nje cha shafti ya mbele. Pigo moja zito linalotokea gia ikiingia, au gari linapoanza kuondoka, ni la mauntingi ya injini iliyopasuka. Na mlio wowote unaoanza mara baada ya tairi kubadilishwa, ukazidi kilomita hadi kilomita, una maana moja mpaka ithibitishwe vinginevyo: nati za gurudumu hazikukazwa. Gari lisimame hapo hapo.

Bomba la moshi na injini

Mlio wa bati unaotokea kwenye mzunguko fulani tu wa injini, ukapotea dereva akikanyaga zaidi, karibu kila mara ni bati la kinga joto lililofunikwa juu ya bomba la moshi. Kila bati lina mtetemo wake wa asili; injini ikifikia mtetemo huo, bati huitikia. Matundu ya bolti zake huliwa na kutu yakawa makubwa kuliko kichwa cha bolti. Dawa ni washa pana, au klampu ya paipu ya chuma kisichoshika kutu inayozungushwa kulibana. Wapo wanaoling'oa na kulitupa, na gari huwa kimya kweli. Lakini bati hilo ndilo linalozuia joto la bomba lisifike sakafuni na kwenye nyasi kavu mahali gari linapoegeshwa. Lirudishwe.

Kichujio cha moshi, yaani katalisti, kikivunjika kauri yake ya ndani husikika kinapogongwa kwa nyundo ya mpira. Hakifungwi wala hakichomelewi, ni kubadilishwa tu, na vipande vyake vinaweza kuziba bomba na kuinyima injini nguvu.

Injini ya 1NZ-FE iliyo katika Probox nyingi hutumia mnyororo, si mkanda. Mlio wa kugongagonga wa sekunde chache inapowashwa asubuhi ni onyo kwamba oili ni chache, imechoka, au mnyororo umelegea. Kijiti cha oili kichomolewe kabla ya jambo lolote. Pigo zito la chini ya injini, linaloongezeka injini ikibeba mzigo, halina matengenezo ya njiani, injini izimwe.

Bodi, keria na viti

Hapa hakuna hatari kubwa, ila kuna usumbufu mwingi. Jeki ya Toyota nyingi hukazwa kwenye kikalio chake kwa kuifungua kidogo kwa mkono mpaka ibane; aliyeitumia akairudisha bila kuibana amejiletea mlio. Mlango wa nyuma una vipira vinavyozungushwa kama skrubu ili uegemee vizuri. Keria hulegea kila msimu wa mizigo. Katika matatu, kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliweka mkanda kwa kila abiria, na vifungo vya mikanda isiyofungwa hugonga fremu za viti safari nzima. Kuufunga mkanda huponya mlio na huokoa mtu.

Kutengeneza

Ubunifu wa jua kali, wa Kibuye mjini Kisumu au wa chini ya mti karibu na gati, unastahili heshima, lakini una mipaka yake. Kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa vizuri kinaweza kulining'iniza bomba la moshi kwa muda mrefu. Kipande hicho hicho kikikatwa kuwa bushi ya mkono wa chini, huacha gurudumu likielekea kokote dereva anapofunga breki. Waya wa kufungia hutosha kumfikisha mtu gereji, basi. Kabla ya kuchomelea chochote, terminali ya betri ichomolewe, na kama ni karibu na tangi la mafuta, kazi hiyo ifanywe na anayeijua.

Nati za gurudumu za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa niutoni-mita 103, kwa mpangilio wa kuvuka katikati na si wa kuzunguka, kisha hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mwenye gari amwombe fundi kila spea iliyotolewa, aishike, aitikise mwenyewe. Kama haichezi, haikuwa na kosa, na mlio bado umo ndani ya gari.