Shoka Kabla ya Hati

Kwa Wamunda wa Chotanagpur, nyanda za juu za mashariki mwa India, aliyefyeka msitu ndiye mwenye ardhi. Ukoo ulioanzisha kijiji ulikimiliki kwa pamoja, na mawe ya makaburi ya wazee wao yalikuwa ushahidi tosha. Utaratibu huo waliuita khuntkatti.

Ulianza kuvurugika pale watawala wa huko walipogawa vijiji kwa wageni, kama malipo ya utumishi au ya deni. Makabaila hao wapya, ambao Wamunda waliwaita diku, walidai kodi, kisha wakadai na shokoa: kulima shamba la bwana bila ujira, kubeba mizigo yake bila ujira. Aliyelemewa alikimbilia kwa mkopeshaji, na riba ikammaliza. Waingereza wakaleta mahakama. Mahakama ilitaka karatasi, na wenye karatasi walikuwa diku.

Wazee hawakukimbilia upinde. Kwa miaka mingi walichanga fedha, wakaajiri mawakili, wakaandika maombi hadi Calcutta. Hawakupata kitu.

Ndipo akatokea Birsa Munda, kijana aliyezaliwa mwaka 1875 na kusomeshwa na wamisionari wa Kijerumani huko Chaibasa. Mwaka 1895 alitangaza kuwa ametumwa na Mungu, watu wakamfuata kwa maelfu, naye akafungwa miaka miwili. Kifungo hakikumnyamazisha. Mkesha wa Krismasi wa 1899 mishale ilianza kurushwa kwenye makanisa na, siku zilizofuata, kwenye vituo vya polisi. Wafuasi wake waliamini kwamba risasi za serikali zingegeuka maji, imani ambayo Wamatumbi wa Tanganyika nao wangeingia nayo kwenye Vita vya Maji Maji mwaka 1905 kwa dawa ya mganga Kinjikitile. Tarehe 9 Januari 1900, kwenye kilima cha Dombari, wanajeshi waliwafyatulia risasi watu wenye pinde na mashoka. Birsa alikamatwa Februari, akafia gereza la Ranchi tarehe 9 Juni, hata miaka 25 hajatimiza. Serikali ilisema ni kipindupindu.

Kilichokataliwa kwa maombi kikakubaliwa baada ya damu: sheria ya 1908 iliitambua khuntkatti na kuzuia ardhi ya Wamunda na majirani zao isihamishiwe wageni kiholela. Serikali ya jimbo la Jharkhand ilipojaribu kuilegeza mwaka 2016, watu waliandamana. Gavana Droupadi Murmu, mwenyewe Msantali, aliurudisha muswada bila kuutia saini, na mwaka 2017 ukaondolewa.