"Uhuru Afrika": Kiswahili katika Santuri ya Jazi ya Mwaka 1960

Waandishi wa historia ya Kiswahili wamezoea kufuata nyayo za lugha hii katika njia za misafara, katika shule za misheni, katika magazeti na katika redio. Njia ya santuri haikufuatwa sana, na pale ilipofuatwa, aghalabu waandishi walikomea kwa Siti binti Saad na wenziwe wa Unguja, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao. Siti anastahili heshima hiyo. Lakini iko santuri nyingine, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, ambayo kwa maoni yangu yastahili nafasi katika historia hiyohiyo, ingawa bendi iliyoipiga ilikuwa ya Wamarekani Weusi pamoja na wageni wachache wa Nigeria na Kuba. Jina lake ni Uhuru Afrika.

Mwenye kuitunga alikuwa Randy Weston, mpiga piano, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1926, aliyefariki mwaka 2018. Aliyeipangia bendi muziki huo, kila ala na sauti yake, ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye wapenzi wengi wa jazi hulisahau jina lake wakitaja majina ya wanaume. Katika bendi hiyo kubwa walikuwamo Clark Terry na Freddie Hubbard wenye tarumbeta, Yusef Lateef, Max Roach na ngoma zake, na Babatunde Olatunji wa Nigeria. Mshairi Langston Hughes alitoa maneno. Kazi ina utangulizi na sehemu nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues".

Wakati huo Weston alikuwa hajatia mguu Afrika. Alifika Lagos kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2010, alitaka lugha moja ya Kiafrika itakayosimama kwa niaba ya bara zima, akawauliza Waafrika waliokuwa kwenye shughuli za Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Hivyo shairi la Hughes likatiwa katika Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwako New York, naye ndiye aliyelisoma kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa santuri, pamoja na ngoma. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini. Uhuru wake ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Basi msomaji atazame mpangilio wa mambo: mtu wa nchi isiyokuwa huru bado anatamka neno uhuru kwa lugha yake, mbele ya bendi ya watu ambao nao, katika majimbo ya kusini ya nchi yao, walikuwa bado wakinyimwa haki ya kupiga kura.

Imesemwa mara nyingi kwamba uchaguzi huu wa Kiswahili haukuwa na msingi, kwa kuwa mababu wengi wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi na nchi za Kongo na Angola, wala si kutoka pwani yetu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa nasaba. Lakini Weston hakuwa akitafuta lugha ya babu yake. Alitafuta lugha ya siasa, na mwaka 1960 Kiswahili kilikuwa hivyo hasa. Kilikuwa lugha ya mikutano ya TANU, lugha ambayo watu wa makabila mengi waliitumia bila kuhisi kwamba wamelitii kabila moja. Tena neno lenyewe ni shahidi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, kivumishi chenye maana ya asiye mtumwa. Kiswahili kikakitwaa, kikakitia kiambishi u- cha nomino dhahania kama katika utu na uzuri, na katika miaka ya 1950 neno hilo la sheria ya watumwa na waungwana likawa neno la umma.

Sehemu ya tatu, "Bantu", inataka uangalifu zaidi. Neno hili halimo katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili. Sisi husema watu. Lilitiwa katika elimu na Wilhelm Bleek katika karne ya 19, liwe jina la jamii ya lugha zenye mzizi huo. Lakini mwaka 1960 lilikuwa na maisha mengine, tena mabaya: huko Afrika ya Kusini lilikuwa neno la serikali, neno la sheria ya mwaka 1953 iliyowatengea watoto Weusi elimu duni. Weston alilichukua neno ambalo wataalamu walikuwa wamelifanya istilahi na makaburu wakalifanya pingu, akalirudishia maana yake ya kwanza, yaani wanadamu. Mwaka 1964 serikali ya Afrika ya Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Sioni kwamba walikosea katika kuielewa.

Juu ya "Kucheza Blues" nina neno la kitaalamu kidogo, nalo nalisema bila kejeli. Kwa Kiswahili ala haichezwi, hupigwa. Twapiga piano, twapiga tarumbeta, twapiga ngoma; na anayeicheza ngoma ni yule anayesimama uwanjani na kutikisa mwili. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mchezo na kwa ala, na mgeni anayefuata kamusi huteleza kwa urahisi hapo. Lakini Weston hakuteleza. Alieleza kwamba sehemu hiyo ni ya shangwe, kwa ajili ya siku ambayo Afrika nzima itakuwa huru na watu wa dunia watafanya sherehe. Basi kuicheza bluzi, kwa maana yetu hasa, ndiko alikokusudia. Kuteleza kwenyewe kulikuja baadaye. Miaka kumi hivi mbele, wanamuziki wa bendi ya Herbie Hancock walijichukulia majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, jina ambalo ni jina pia la santuri yao ya mwaka 1971, Eddie Henderson akawa Mganga, na kwa kweli alikuwa daktari, Billy Hart akawa Jabali, na Buster Williams, mpiga besi, akawa Mchezaji. Jina hilo la mwisho kwa masikio ya Dar es Salaam ni la mtu wa mpira. Hata hivyo sitaki tulicheke, maana sisi nasi tulilichukua neno jazz, tukaziita bendi zetu Morogoro Jazz na Tabora Jazz, ilhali zilipiga dansi isiyofanana sana na muziki wa Marekani. Tulikopeshana, na kila mmoja alitumia mkopo kwa mahitaji yake.

Yabaki suala la matoleo mapya, ambalo mtu wa santuri na mtu wa miswada wanalijua kwa sura moja. Santuri hii ya kampuni ya Roulette imetolewa tena, na katika baadhi ya matoleo hayo imeunganishwa katika diski moja na Highlife, kazi nyingine ya Weston ya mwaka 1963. Mimi niliisikia kwanza katika muungano huo, nikiwa mwanafunzi ng'ambo, nami niliandika katika daftari langu kwamba Uhuru Afrika inamalizika kwa tuni za Afrika ya Magharibi. Ni kosa la mwanafunzi mvivu. Tuni hizo, moja ya Bobby Benson wa Lagos na nyingine ya Guy Warren wa Ghana, ni za mtu aliyekwisha kufika Nigeria na kusikia kwa masikio yake. Uhuru Afrika ni ya mtu aliyekuwa akiota kutoka Brooklyn. Anayezisikiliza mfululizo bila kutazama miaka hupoteza safari nzima iliyo kati yake. Mnakili wa zamani aliyeunganisha tenzi mbili katika karatasi moja ametutaabisha vivyo hivyo. Hata tahajia ya jina hubadilika: Afrika kwa k, kama tunavyoandika, imegeuka Africa kwa c katika baadhi ya majalada na orodha.

Kazi iliyo mbele yetu, naona, ni kuisikiliza sauti ya Sanga kama tunavyosoma muswada: kuiandika neno kwa neno, kuilinganisha na Kiingereza cha Hughes, na kuonyesha mahali alipofuata na mahali alipoacha. Ni tafsiri ya shairi la mmoja wa washairi wakubwa wa Marekani, iliyofanywa na kusomwa mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, nayo imehifadhiwa pamoja na pumzi na lafudhi ya mtafsiri mwenyewe. Ni miswada michache yetu iliyo na bahati hiyo. Katika orodha za wanamuziki wa santuri hii jina la Sanga huwekwa pamoja na waimbaji, kwa cheo cha msimulizi. Katika orodha yetu ningeliweka chini ya herufi S, kwa cheo cha mtafsiri.