Nodi Sifuri na Mstari wa Thelathini

Programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta hukataa saketi isiyo na ardhi. Unaweza kuchora betri, rezista na transista zako zote vizuri, kisha ukaambiwa kwamba nodi fulani inaelea, au kwamba matriki haina jibu. Wenzangu wa uhandisi huuona ujumbe huo kuwa ukorofi wa mashine. Sisi wa historia, hasa tuliokulia Bwera, tunaweza kuusoma kwa namna nyingine, kwa sababu kosa hilohilo liliwahi kutokea kwenye ramani ya kwetu.

Nyingi ya programu hizo zinatokana na SPICE, iliyoandikwa na Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya mwalimu wake Donald Pederson, na kutangazwa mwaka 1973. Kazi yake ni kuchukua sheria ya Kirchhoff ya mwaka 1845, kwamba mkondo unaoingia kwenye nodi lazima utoke, na kuiandikia kila nodi mlinganyo wake. Sasa volti ni tofauti kati ya sehemu mbili. Ukiongeza volti 100 kwenye kila nodi, milinganyo yote inabaki kweli, kwa hiyo majibu yanakuwa hayana idadi. Ndiyo maana nodi moja lazima iitwe 0, na nyingine zote zipimwe kutoka hapo. Nodi ipi? Yoyote, huamua mchoraji.

Dunia nayo ilikuwa na shida hiyo. Latitudo ina sifuri yake ya asili, Ikweta, inayopita Kikorongo, kusini mwa mji wa Kasese. Longitudo haina. Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, na 22 kati yao wakapiga kura ya kuiweka sifuri Greenwich. Ufaransa na Brazili hazikuunga mkono wala kupinga. Miaka 10 baadaye, Mei 1894, Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wakaandikiana kwamba upande wetu huu mpaka wa Dola Huru ya Kongo utafuata longitudo ya 30 mashariki ya Greenwich.

Hapo nodi ikaanza kuelea. Sifuri ilikuwapo, tena imepigiwa kura, lakini hapakuwa na kipimo cha kuaminika kilichoiunganisha na Milima ya Rwenzori. Waingereza walitawala kana kwamba milima iko kwao. Huko Katwe, Lugard alikuwa amejenga ngome mwaka 1891 ili kulinda ziwa la chumvi, ambalo ndilo lililokuwa utajiri wenyewe. Tume ya mipaka ilipopima mwaka 1907 na 1908, mstari uliangukia mashariki ya vilele. Kwa hesabu hiyo Margherita, Katwe na Bwera vyote ni Kongo. Mji wa Kasese wa leo unanusurika kwa kilomita 8 au 9 tu. Bwera iko zaidi ya kilomita 20 upande usiofaa.

Mhandisi anayetaka kunyamazisha programu huweka rezista kubwa mno, ya gigaohmu moja, kati ya nodi inayoelea na ardhi. Mara nyingi inatosha. Wanadiplomasia nao walitafuta rezista yao: mwaka 1910, Brussels, waliuacha mstari wa 30 na kushika vitu vinavyoonekana, yaani Mto Lubiriha na mgongo wa mlima hadi Margherita. Waliokaa mezani walikuwa Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Wakonzo wakabaki upande huu, ndugu zao Wanande upande ule, na lugha yao inasikika hadi leo pande zote mbili za daraja la Mpondwe. Kwangu mimi hili ndilo lenye uzito katika habari yote: sifuri iliyowekwa bila kuunganishwa iligharimu ukoo wa watu, na marekebisho yake nayo yaliwagharimu walewale.

Kosa lenyewe halijaisha. Wapimaji walipima safu ya mstari wa 30 hapa Uganda mwaka 1908 na 1909, na baadaye ramani zetu zikajengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960. Simu ya mkononi inatumia msingi mwingine, WGS84. Nukta ileile ikisomwa kwa misingi hiyo miwili inaachana kwa takriban mita 300, karibu zote kaskazini-kusini. Mwanafunzi wa umeme ataitambua dalili hii: ni kama upande wa pili wa transfoma, wenye sifuri yake peke yake, isiyo na waya wa kuifikisha kwenye sifuri ya upande wa kwanza. Kila upande una hesabu sahihi, ila huwezi kuzilinganisha. Mpimaji hufanya anachofanya mhandisi: hutafuta nukta moja inayojulikana kwa pande zote mbili, akafunga waya hapo. Huko Bwera, ambako mashamba ya kahawa yamebanana, mita 300 ni mashamba ya majirani kadhaa.