Visamaki vya madimbwi ya mvua: vinatoka wapi, na jinsi ya kuvifuga nyumbani

Mvua za kwanza zikishanyesha, swali hili hutufikia studio bila kukosa: dimbwi lililokuwa kavu tangu Juni, lisilo na mto wala ziwa karibu, limepata wapi samaki? Wapo wanaosema wameanguka na mvua. Hawakuanguka. Walikuwa humo humo dimbwini, ndani ya tope kavu, wakiwa mayai.

Wataalamu huliita kundi la samaki hawa Nothobranchius, na wafugaji duniani huwaita kilifishi. Jina hilo halina uhusiano na kuua. Linatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya kijito. Tanzania ndiyo nchi yenye aina nyingi zaidi za kundi hili. Aliyepo Unguja, Nothobranchius guentheri, aliandikwa na wanasayansi tangu mwaka 1893. Na mkoa wetu una wake: mwaka 2020 watafiti walitangaza aina mpya iliyopewa jina la Itigi, Nothobranchius itigiensis. Katika andiko hilo hilo samaki mwingine, wa Serengeti, alipewa jina la mtangazaji mwenzetu wa Uingereza, David Attenborough. Itigi na Attenborough ukurasa mmoja, si haba.

Dume ana rangi kali, nyekundu, buluu au njano kutegemea aina, na urefu wake mara nyingi haufiki kidole cha mtu mzima. Jike ni wa kijivu tu, ndiyo maana watoto huchota madume na kumwacha jike wakidhani ni samaki wa aina nyingine. Wanaishi miezi michache, kwa sababu dimbwi nalo ni la miezi michache. Ndugu yao wa Zimbabwe na Msumbiji anatumika katika maabara za Ulaya na Marekani kuchunguza uzee, kwani mtafiti humwona akizaliwa, akizeeka na kufa ndani ya muda usiofika mwaka.

Siri iko kwenye yai. Jike na dume hujikandamiza chini kwenye tope, yai moja moja linazikwa. Dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa, lakini yai lina ganda gumu na linaweza kusimamisha ukuaji wake kabisa, likangoja. Tena hayaamki yote pamoja. Mvua ya mwanzo ikidanganya na dimbwi likakauka baada ya wiki moja, yapo mayai yaliyobaki yamelala kwa mvua ya pili, au hata ya mwaka unaofuata. Ule udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua, ndio unaoyatunza vizuri.

Sasa ufugaji. Anza na dume mmoja na majike wawili au watatu kwenye chombo cha kioo au ndoo safi ya lita 20. Madume wawili kwenye chombo kidogo watachaniana mapezi. Funika juu: sisi tuliacha ndoo wazi usiku mmoja tu, asubuhi tukamkuta dume wetu sakafuni amekauka. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima ili dawa itoke. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita 10 husaidia kuzuia ugonjwa unaoonekana kama vumbi la dhahabu kwenye ngozi, ambao huwaua haraka. Chakula wanachokipenda ni kilicho hai, na kijijini hakuna shida: viluwiluwi vya mbu na minyoo midogo. Unga wa ugali utachafua maji bure.

Chini weka bakuli lenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, yaliyochemshwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe. Humo watataga. Baada ya wiki mbili toa makumbi, yakamue kwa mkono yabaki na unyevu kama tumbaku mbichi, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uandike tarehe na mahali samaki walipotoka. Hifadhi kabatini miezi mitatu hadi sita. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa haraka. Fungua mara moja moja uangalie: ukiona macho ndani ya yai, yako tayari. Mwaga maji ya baridi kidogo, kina cha vidole vitatu, na vifaranga hutoka ndani ya saa chache. Wape maji ya kijani ya dimbwi yaliyochujwa kwa kitambaa, yenye vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Baada ya wiki nne hadi sita madume huanza kupata rangi. Makumbi usiyatupe, yakaushe tena wiki tatu, loweka, utapata wengine.

Kuandika mahali si urembo. Wafugaji makini hawachanganyi samaki wa dimbwi moja na wa jingine, hata wakifanana, na samaki kutoka nchi yetu huwapa alama ya TAN pamoja na mwaka. Kwa hiyo usimwage samaki wa Manyoni kwenye dimbwi la Iramba. Wala usipande perege au kambale kwenye dimbwi la mvua, watawamaliza.

Wageni wenye nyavu ndogo na mifuko ya plastiki hupita maeneo haya. Kukamata samaki wa mapambo kwa biashara au kuwasafirisha nje kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mgeni akifika, mwulize kibali chake, kisha mpeleke kwa mtendaji wa kijiji na ofisa uvuvi wa wilaya. Lakini nyavu si hatari kubwa kuliko zote. Dimbwi likifukiwa kwa kifusi cha barabara, au dawa ya shambani ikitiririkia humo, mayai ya miaka yote huisha kwa siku moja. Aina nyingine zina madimbwi machache tu duniani, na hakuna mto utakaowaleta wengine.