Kanda za Magendo katika Tarihi ya Muziki wa Roki

Tarihi ya muziki wa roki aghalabu huandikwa kwa kufuata santuri zilizotolewa na makampuni, kana kwamba wimbo haukuwapo kabla ya kupewa jalada na bei. Iko tarihi nyingine, nayo imo katika kanda zilizonaswa kumbini na katika vyumba vya mazoezi, zikahifadhiwa na watu wasiokuwa na idhini. Watu hao wameitwa wezi, na baadhi yao walistahili jina hilo. Lakini pasipo wao sehemu kubwa ya ushahidi ingalitoweka.

Mwezi wa Julai 1969 ilitokea mjini Los Angeles santuri mbili za Bob Dylan katika jalada moja jeupe lisilo na maandishi, zikaja kuitwa Great White Wonder. Zilikuwamo nyimbo alizoimba mjini Minneapolis mwaka 1961, na nyingine zilizonaswa mwaka 1967 karibu na Woodstock, ambako Dylan na wenzake walipiga muziki faraghani, Garth Hudson akiangalia kinasa sauti. Kampuni ilitoa sehemu ya kazi hiyo mwaka 1975, na mkusanyo wake mkubwa, wenye vipande 138, haukutoka mpaka mwaka 2014. Wachuuzi wa magendo walisaidiwa na upungufu wa sheria: serikali kuu ya Marekani haikuanza kuilinda sauti yenyewe iliyonaswa, mbali na utunzi, ila kwa zile zilizonaswa tangu tarehe 15 Februari 1972.

Mchuuzi, hata hivyo, si mkusanyaji. Wakusanyaji wengi walibadilishana kanda bila kuuziana, na katika kubadilishana huko walijifunza nidhamu ambayo mtafiti wa miswada ya tenzi ataitambua mara moja. Kila ukanda uliponakiliwa, mvumo uliongezeka na sauti ikafifia. Kwa hiyo walihesabu vizazi vya nakala, wakatafuta ile iliyo karibu zaidi na asili, wakaandika tarehe, mahali, na mkono ambao ukanda ulipitia.

Haja ya nidhamu hiyo yaonekana wazi katika kisa cha Dylan cha mwaka 1966. Kwa miaka mingi santuri za magendo zilimwonyesha akipiga gitaa la umeme katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na msikilizaji mmoja akimwita Yuda kwa sauti kuu. Kwa hakika onyesho hilo lilikuwa la Manchester, katika Free Trade Hall, tarehe 17 Mei. Yale ya London yalifanyika tarehe 26 na 27 mwezi huo huo. Kosa la jalada lilinakiliwa pamoja na sauti, kama kosa la mwandishi wa mswada linavyorithiwa na kila anayemfuata. Kampuni ilipoitoa rekodi hiyo rasmi mwaka 1998 ililibakiza jina la Royal Albert Hall, ila likatiwa katika alama za kunukuu!

Mazoezi ni jambo zito zaidi. Aliyeimba mbele ya watu amekwisha kuutoa wimbo wake; afanyaye mazoezi hajautoa, na ana haki ya kukosea pasipo kusikika. Mnamo Januari 1969 wapigaji filamu walinasa mazungumzo na mazoezi ya Beatles kwa mashine mbili, kila ukanda ukichukua dakika kama 16. Sauti hizo zilivuja, zikawa chimbuko la santuri nyingi za magendo; mwaka 2003 polisi walizipata kanda za asili zilizoibwa, kama 500, karibu na Amsterdam. Mwanahistoria hawezi kuupuuza ushahidi huo, kwani humo husikika nyimbo za Abbey Road zikiwa bado changa. Lakini faida ya elimu haiufanyi wizi kuwa halali, na wakusanyaji hawapendi kuambiwa hivyo.

Bendi ya Grateful Dead ilichukua njia nyingine. Iliwaachia wasikilizaji wanase maonyesho, na Oktoba 1984 ikawatengea sehemu yao ukumbini, mradi wasiuze. Hata hivyo kanda zake zilizo bora kabisa hazikutoka kwa wasikilizaji hao. Fundi wake wa sauti, Betty Cantor-Jackson, alikuwa amenasa maonyesho mengi kutoka katika mitambo yenyewe. Kanda hizo zilihifadhiwa bohari, na mwaka 1986 zikapigwa mnada. Waliozinunua na kuzikarabati walisambaza nakala. Miongoni mwake lilikuwamo onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuliingiza onyesho hilo katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa, ilhali hakuna kampuni iliyokuwa imelitoa. Lilitolewa rasmi mwaka 2017, baada ya ukanda wa asili kurejea katika hifadhi ya bendi. Wakati huo wakusanyaji walikuwa wamekwisha kubishana juu yake kwa miaka ipatayo thelathini.