Kwa nini usihariri picha bila nakala: somo kutoka 1957

Fungua picha yoyote kwenye simu yako, uivute mpaka mwisho. Unaviona vile vimiraba? Hizo ndizo pikseli, na stori yake inaanza na mtoto mchanga.

Mwaka 1957, huko Marekani, mhandisi Russell Kirsch alichukua picha ya mwanawe Walden, mwenye miezi mitatu, akaiingiza kwenye kompyuta kwa skana aliyoitengeneza na wenzake. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976 tu! Skana yenyewe ilitambua nyeusi na nyeupe basi, hivyo waliipitisha picha zaidi ya mara moja kwa viwango tofauti vya mwanga, wakaunganisha, wakapata kijivu.

Picha ikawa namba, na kuhariri kukawa hesabu. Kwenye picha za kawaida za simu, kila pikseli ina namba tatu za rangi, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua 220 na 240. Ongeza mwanga kwa 60: zote zinagota 255. Sasa punguza 60: zote zinakuwa 195. Tofauti imeshapotea, hairudi.

Mimi nililijua hili nimechelewa. Picha ya mwisho ya bibi niliing'arisha, nikasevu juu ya ile ile. Leo maua ya kanga yake ni doa jeupe tu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, tengeneza nakala kwanza, ndipo uchezee.